Fimbo ya Kupandia Maharagwe

Miaka mitatu. Miaka mitatu mizima Hilary Thirkettle alikuwa akienda kwa Bi Larter kila mwezi, akinywa chai yake iliyopoa, akisikiliza habari za mbwa wake mwenye baridi yabisi, akisifu keki ambayo hata huyo mbwa aliinusa akaiacha. Yote hayo ili Chama cha Wasaka Vyuma cha Hallowby kiruhusiwe kuingia, kwa siku moja tu, katika lile shamba kubwa nyuma ya kanisa. Hatimaye Bi Larter akakubali. Iwe Jumapili ya katikati ya Septemba, ngano ikishavunwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi trekta linaingia kulima kwa kina, viazi vipandwe, na baada ya hapo asionekane mtu.

Na chama kikafanya nini na bahati hiyo? Kikapiga kura iwe siku ya shindano.

Shindano, kwa watu wa Hallowby, ni hivi. Mtu mmoja huamka mapema, huenda shambani peke yake na kufukia sarafu ndogo za fedha za pensi tatu, zile walizotumia mabibi zao, ambazo siku hizi huuzwa mnadani kwa mafungu. Kisha wenzake huja na mashine zao za kutambua vyuma, filimbi inapulizwa, wanakimbizana kuzifukua. Atakayepata nyingi anapewa kikombe. Aliyezifukia haruhusiwi kusaka, maana anajua zilipo.

"Ufukie wewe, Hilary," alisema mwenyekiti, Clifford Gotts, mbele ya mkutano mzima, na lile tabasamu lake la kuuzia magari. "Wewe hupotezi kitu. Fedha na wewe hamjuani."

Watu wakacheka. Hilary naye akacheka, kwa kuwa yeye ndiye katibu, na katibu hawezi kumpiga mwenyekiti kwa birika la chai. Lakini maneno yale yalimchoma, na yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Katika chama kile, mtu akifukua kwa mara ya kwanza sarafu ya fedha ya kale, zile nyembamba zilizogongwa kwa nyundo enzi za wafalme wa panga na farasi, wenzake huacha kila kitu, humzunguka na kupiga makofi, naye hucheza palepale shambani na mabuti yake ya matope. Hilary alikuwa amewapigia wengine makofi mara ishirini na sita. Hata yule mvulana wa benki aliyejiunga wakati wa Pasaka alikuwa amecheza kabla ya Pentekoste. Yeye, kwa miaka kumi na moja, alikuwa na vifungo vya makoti, vitako vya risasi za kuwindia ndege, vishikio vya makopo ya bia, na trekta moja la kuchezea watoto lisilo na magurudumu.

Shamba la Bi Larter ndilo alilolitegemea. Zamani palikuwa na soko pale, kila mtu alijua. Na goti lake la kushoto lilikuwa limemwambia, wala si kwa kunong'ona, kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho wa kupiga magoti matopeni.

Basi saa moja asubuhi alikuwa shambani, yeye na umande, akichoma ardhi kwa fimbo ya kupandia maharagwe aliyoachiwa na baba yake, fimbo nene ya urefu wa mkono, ncha imevishwa chuma. Anachoma, anadondosha sarafu, anakanyaga, anapiga hatua kumi, anachoma tena. Mistari sita iliyonyooka, kwa utaratibu, kwa sababu Hilary ni mtu wa utaratibu aliyejaliwa kuishi na watu ovyo. Katika mstari wa nne, mkabala na nguzo ya simu iliyoinama, fimbo iligonga kitu, kitu kikavunjika huko chini kwa sauti ya kigae.

"Tofali tena!" alisema kwa chuki. Mashamba yote ya Norfolk, mkoa wao huko Uingereza, yamejaa vipande vya matofali na vigae vya mapaa ya watu waliokwisha kufa. Aliichomoa fimbo kwa taabu, ncha imeng'ang'ania bonge la udongo wa kijivu, akadondosha sarafu yake, akakanyaga, akaendelea. Bonge lile halikutoka hata alipolisugua kwenye buti. Akaliacha. Udongo mpya ukapanda juu yake kila alipochoma shimo jingine, na alipomaliza ncha ya fimbo ilikuwa imenenepa kama ngumi ya mtoto.

Saa nne wakaja. Wanachama thelathini na wawili, wamevaa nguo za jeshi ambalo hawakuwahi kulitumikia, mashine mkononi, masikio yamefunikwa kwa vipokea sauti. Hilary aliegemeza fimbo kwenye lango, akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawasomea kanuni alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Kanuni ya kwanza, ya pili na ya tatu ni moja," alisema. "Zibeni mashimo yenu. Nimesema miaka kumi na moja. Bi Larter akimkuta kondoo amevunjika mguu, tumekwisha. Shimo likizibwa, nisiweze kujua kama lilikuwepo. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama," alijibu Nev Utting kutoka nyuma, na wengine wakacheka chini kwa chini. Nev alikuwa fundi bomba mstaafu, mwenye mashine ya bei kubwa kuliko gari lake, na mdomo usio na breki.

Hilary akapuliza filimbi. Wakatimka.

Hakuna adhabu kama kusimama langoni na kutazama watu wengine wakilisaka shamba ulilolililia miaka mitatu. Walikuwa wakikimbia, wanajikwaa, wanagongana vichwa. Sarafu hawaiangalii hata kidogo; inatumbukizwa mfukoni na tope lake, mtu anakwenda mbio. Ardhi ya soko la kale, pengine imejaa vitu ambavyo macho hayajaviona tangu zama za zama, nao wanaikanyagakanyaga wakitafuta sarafu ambazo yeye mwenyewe alizinunua mnadani Jumanne.

Haikupita nusu saa akaja Pearl Spink. Pearl alikuwa na miaka themanini na mmoja, mashine yake imefungwa kwa utepe wa fundi umeme, ila masikio yake yalikuwa makali kuliko ya chama kizima.

"Hilary mwanangu, fimbo yako inaimba."

"Ina ncha ya chuma, Pearl."

"Chuma kinakoroma. Najua chuma kinavyokoroma, nimeolewa mara mbili. Hii inaimba." Akapitisha mashine karibu na lango, na kweli ikatoa mlio wa juu, mwembamba. "Umesikia?"

"Lango nalo ni chuma, Pearl. Bawaba chuma, komeo chuma. Nina filimbi shingoni, nina funguo, nina chupa ya chai. Mimi mzima ni chuma. Nenda shindanoni, mama, watakumalizia."

"Haya," alisema Pearl. "Mimi nimekwambia." Akaenda zake polepole.

Saa saba filimbi ikalia tena. Clifford alishusha ubao wa nyuma wa gari lake, kila mtu akamwaga mfuko wake kwa zamu. Nev ndiye aliyekuwa na rundo kubwa, akasimama kando yake na mikono kiunoni, tayari kwa kikombe. Hilary alikuwa akizifuta moja moja kwa kitambaa. Mara mkono wake ukasita.

Mbili kati yazo hazikuwa pensi tatu. Zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, nyeusi, na alipofuta kwa kidole ukatokea msalaba mrefu unaofika hadi ukingoni, na nukta tatu tatu katika kila pembe.

Hilary akaziinua zile mbili. "Nev. Hizi umezitoa wapi?"

"Si za kwako?" Nev alisema. "Nilijua umefanya ukarimu."

"Mimi nitoe wapi sarafu za miaka mia saba, bwana we? Zilikuwa wapi?"

Watu wote wakasogea, kila mmoja anapumua shingoni mwa mwenzake. Nev akakuna kichwa. "Shimo moja. Ya kwako na hizo mbili, pamoja. Nikasema, aa, Hilary kachoka kupiga hatua, kamwaga zote hapohapo. Nikatia mfukoni nikakimbia. Shindano, mama, sikuwa na muda wa kutazama."

"Shimo lipi?"

"Kule." Nev akapunga mkono kuelekea nusu ya wilaya.

"Kule wapi?"

"Kule kule. Mahali fulani kati pale." Kisha akainua kidevu. "Nililiziba vizuri. Ulisema usiweze kujua kama lilikuwepo."

Hilary alifumba macho. Miaka kumi na moja wameacha mashimo yao wazi kama fuko, miaka kumi na moja amepita nyuma yao na koleo akiwafukia uchafu wao, na siku pekee, siku moja tu duniani ambayo angetaka kuona shimo la Nev Utting, Nev Utting ameliziba.

"Kunaweza kuwa na chungu kizima pale!" Clifford alikuwa amekwisha toa simu. "Jamani, kila mtu achukue mashine yake. Niwaite watu wa gazeti?"

Watu thelathini na wawili waligeukia shambani kwa pamoja. Hilary akapuliza filimbi hadi masikio yake mwenyewe yakauma.

"Asiingie mtu! Mkianza kuchimbua ovyo mtavunja kila kitu. Sarafu za kale zikikutwa pamoja tunaacha, tunamwita mtu wa makumbusho. Kanuni ya saba! Au niliwasomea mbuzi?"

Wakati huo Bi Larter alikuwa amefika na kigari chake cha shambani, mbwa amekaa nyuma. Alisikiliza habari yote bila kubadilisha uso.

"Trekta linakuja kesho saa kumi na mbili," alisema. "Nimekodi, haliahirishwi. Mkinionyesha mahali, nitawazungushia kamba, dereva atapazunguka. Mahali, siyo hadithi. Siwezi kuacha ekari arobaini kwa ajili ya 'kule kule'."

"Mwaka huu watalima chini kiasi gani?" Hilary aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa viazi? Mpaka hapa." Bi Larter akagusa juu ya goti lake. Hilary akaona kwa macho ya moyo wake jembe la chuma likipita katikati ya kitu kilicholala salama miaka mia saba, likikitawanya kutoka kanisani hadi barabarani.

Nev, angalau, alikuwa ameanza kuona aibu. "Ulikuwa udongo tofauti," alisema. "Wa kijivu. Na palikuwa na kipande cha kigae. Nilikitupa."

Hilary akageuka taratibu akamtazama. Kigae.

Alichukua kikapu chake cha chakula akaanza kutembea, Nev nyuma yake na mashine, na chama kizima nyuma ya Nev kama msafara wa mazishi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa nne, mkabala na nguzo iliyoinama. Akahesabu hatua kwa sauti, goti likilalamika kila moja, akasimama.

"Hapa. Washa mashine yako."

Nev akaipitisha. Mashine ikalia mpaka akavua vipokea sauti akikunja uso.

Hilary akapiga magoti, la kushoto likimtoa machozi, akaanza kuondoa udongo kwa vidole, tabaka baada ya tabaka. Kiasi cha shubiri moja na nusu chini akakuta mdomo wa chungu cha rangi ya kijivu, umefunikwa kwa kigae bapa. Katikati ya kigae kulikuwa na tundu la mviringo, jipya, kingo zake nyeupe. Hakuhitaji kulipima. Ndani ya tundu, sarafu zilikuwa zimelaliana kama magamba ya samaki.

Fedha. Kidole kimoja tu kingetosha.

"Chukua moja," Nev alinong'ona, naye amechuchumaa kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Miaka kumi na moja, Hilary. Nani ataona? Irudishe ukitaka. Ishike tu."

Alitaka. Lakini mtu wa makumbusho atataka kuona kila sarafu ilivyolala, nani juu ya nani, na kanuni ya saba aliiandika yeye. Alitoa kitambaa cha mkate kwenye kikapu, akafunika tundu, akaketi kando yake.

"Kalete koleo lako uzibe matundu yako mengine," alimwambia Nev, "usinipumulie hapa."

Alipiga simu. Akakaa pale kwa karibu saa mbili juu ya ndoo aliyoletewa, analinda chungu, na katika muda huo ilibidi asikilize mjadala. Nev alisema mpataji ni yeye kwa kuwa ndiye aliyezitoa mbili za kwanza. Hilary akasema fimbo yake ilifika kabla ya jua kupanda vizuri.

"Lakini kwa fimbo ulikuwa unafukia, hukuwa unasaka," alisema Clifford, akinyoosha kidole. "Kwa kanuni, mfukiaji hapati. Tukilegeza hilo, shindano halina maana."

"Clifford, nimetoboa chungu cha wafalme kwa mkono wangu nikakitukana tofali. Nikakitilia pensi tatu, nikakikanyaga. Nyamaza kidogo."

"Mimi nasema kanuni tu."

Imogen wa makumbusho alifika saa tisa na nusu, msichana mrefu, mtulivu, mwenye kisanduku cha brashi. Alipiga picha, akapima, akachimba pembeni, akakifunga chungu chote na udongo wake kwa plasta na bandeji kama mguu uliovunjika, kikanyanyuliwa kizima. Sarafu zitatolewa kule makumbusho, alisema, moja moja, mezani. Hakuna aliyegusa hata moja. Bi Larter alifunga kamba kuzunguka mahali pale, akapigilia vigingi vinne vya mbao. Chungu kikaenda garini, na Hilary akakitazama kikienda. Alikipata na hakukipata. Akaona heri akusanye vikombe vya chai.

"Hilo tundu kwenye kifuniko," Imogen aliuliza, kalamu mkononi. "Ni jembe?"

Hilary akaweka vikombe chini. "Ni mimi," alisema. "Ni fimbo ya baba yangu. Samahani."

"Naweza kuiona? Nipime ncha yake."

Pearl ndiye aliyeenda kuileta langoni. Alirudi kwa mwendo wake uleule, fimbo mkono mmoja, mashine mkono wa pili, na njia nzima mashine ilikuwa ikilia kwa mlio wa juu, mwembamba. Aliiweka fimbo mbele ya Hilary.

"Mwulize huyu msomi," alisema Pearl, "kama chuma kinaimba."

Imogen alisikiliza. Akainama kwenye lile bonge la udongo lililokauka nchani, akalitazama upande huu na upande huu, kisha akajinyoosha. "Likwangue wewe," alimwambia Hilary. "Fimbo ni yako."

Hilary aliingiza ukucha. Udongo wa juu ukapukutika. Chini yake ukatokea ule wa kijivu, nao ukapasuka, na kitu chembamba kikamwangukia kiganjani, chepesi hata hakukisikia. Alikisugua kwa kidole gumba. Uso wa mfalme ulimtazama, nywele zake mawimbi mawili, macho yake nukta mbili, taji limekaa upande.

Watu wakanyoosha shingo.

"Iliimba," alisema Pearl. "Tangu asubuhi iliimba."

"Nilisikia, Pearl," alisema Hilary. "Nilisikia kwa masikio yangu, nikasema ni chuma." Siku nzima ilikuwa imeegemea lango, hatua moja kutoka begani mwake, yeye akipuliza filimbi na kunung'unika.

"Sasa, kwa kanuni," Clifford alianza, "mfukiaji..."

"Bwana Gotts," alisema Bi Larter kutoka kwenye kigari chake, "hili ni shamba langu. Funga mdomo."

Watu walikuwa wamekwisha anza kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, duara likajitengeneza lenyewe. Nev ndiye aliyepiga kofi la kwanza.

"Sichezi," alisema Hilary. "Nina goti. Na nani kaacha lango wazi? Na wewe Nev, lile shimo kando ya nguzo ya simu nimeliona, hujaziba..."

Makofi yakazidi. Imogen alifungua kifuko kidogo cha plastiki, akakishika wazi. "Ikiingia humu hairudi tena mikononi mwako," alisema. "Mimi sina haraka."

Hilary alifumba ngumi juu ya sarafu yake. Akacheza. Mguu wa kushoto ulikataa, wa kulia ukafanya kazi ya miwili, mabuti yakichota matope, machozi yakimtiririka wazi mbele za watu, na hata hapo hakuacha kumgombeza Nev kwa ajili ya lile shimo.